Profesa Odhiambo na Minyoo Mekundu ya Pipa la Mama

Mhariri wa jarida letu aliponiagiza niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu chamani walikuwa wameshagawana wanasiasa, wanamuziki na wanariadha wote. Nikabaki nimekodoa macho. Basi nikaamua kumwandika mtu aliyetumia umri wake kuwachunguza wadudu. Usicheke kwanza. Soma hadi mwisho, halafu ucheke ukiweza.

Mtu huyo ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo. Alifariki mwaka wa 2003, kabla mimi na wengi wenu hatujazaliwa. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya pipa la maji la mama yangu, kwa hivyo ni lazima nianzie pipani kabla ya kufika kwa profesa.

Sisi tunakaa Kawangware, na kusoma nasoma hapa Kibera kama mjuavyo. Kila asubuhi hufuata barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nikavuka Ngong Road nikiwa nimeshika roho mkononi kwa ajili ya matatu. Mama ana kibanda cha chapati na maharagwe karibu na steji. Kibanda hicho ndicho baba na mama kwangu, maana ndicho kinacholipa karo. Maji ya mfereji kwetu huja siku yakipenda, kwa hivyo tunanunua kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni na kuyaweka katika pipa la buluu nyuma ya kibanda.

Siku moja ya muhula wa kwanza, mteja mmoja wa mjengo aliomba maji ya kunywa baada ya kula. Mama akamchotea kwa jagi. Lahaula! Ndani ya jagi kulikuwa na kijinyoo chekundu, chembamba kama uzi, kinajikunja na kujikunjua kama herufi S. Yule mteja alipiga ukelele uliosikika hadi kwa kinyozi. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila aliyeipokea aliiongezea chumvi. Mara ni minyoo ya tumbo, mara ni kipindupindu, mara ni dawa ya mganga ya kuvuta wateja. Kesho yake mama alipika chapati arobaini akauza tisa.

Jirani mmoja, mtu mwema tu, alimletea mama chupa ndogo ya dawa ya kuulia wadudu. Akamshauri amimine vifuniko viwili vya dawa hiyo pipani, minyoo ife, kisha aendelee na kazi yake. Mama aliishika ile chupa mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimesimama hapo na sare yangu ya shule. Sikujua kile kijinyoo ni kitu gani, lakini nilijua maji hayo ndiyo yanayokandia unga wa watu. Nilimsihi mama anipe siku moja tu. Nikaviokota vijinyoo sita na maji yake, nikavitia katika chupa ya jemu, nikaja navyo shuleni.

Madam wa Biolojia hakunicheka. Alitoa hadubini ya maabara, ile moja tu inayofanya kazi, akanifundisha kutazama. Akaniambia nisiulize kwanza namna ya kukiua. Niulize kwanza ni nini. Tukatazama. Kilikuwa na kichwa kidogo kigumu cha rangi ya kahawia, mwili wa pingili, vijiguu viwili laini mbele na viwili nyuma. Akanionyesha pia picha ya kiluwiluwi cha mbu ili nilinganishe. Kiluwiluwi cha mbu wa kawaida huning'inia juu ya maji na kuvuta hewa kwa mrija. Hiki chetu kilikuwa kinakaa chini, kwenye tope, na hakikuwa na mrija wowote. Wekundu wake ni himoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo katika damu yetu, nayo humsaidia kuishi mahali palipo na oksijeni haba.

Basi kumbe hakikuwa mnyoo hata kidogo. Kilikuwa ni buu la usubi wa majini, wa ile jamii isiyouma. Akishakua huwa kama mbu mdogo, lakini hana mdomo wa kunyonya damu. Hawa ndio ndugu za wale wanaopaa juu ya Ziwa Victoria wakawa mawingu meusi kama moshi. Haingii tumboni akakaa. Lakini Madam hakuniacha niondoke nikiruka. Alisema kuwepo kwake ni ushahidi dhidi yetu wenyewe: pipa letu halikuwa na kifuniko, na chini yake kulikuwa na tope la miezi. Usubi jike aliingia akataga mayai. Na pale usubi anapoingia, mbu naye ana nafasi ya kuingia. Kuhusu ile chupa ya jirani, alikunja uso akasema sumu ya mende ikitiwa katika maji ya kula itawaua wateja wa mama kabla ya usubi.

Nilipomuuliza huyu ni usubi gani hasa, jina lake kamili, alikiri kwamba hadubini yetu haiwezi kutufikisha hapo. Usubi wa jamii hii wako maelfu ya spishi duniani. Ndipo akanitajia jina la Profesa Odhiambo, akaniambia nikamsome, kwa kuwa huyo alianza na swali hilohilo. Nikamsoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, wakati Kenya ilipokuwa koloni la Mwingereza. Masomo yake ya sekondari aliyapata Maseno, shule ya wamisionari iliyoanzishwa mwaka wa 1906 karibu na mstari wa ikweta. Siku hizo mtoto wa Kiafrika aliyefika sekondari alikuwa kama embe lililobaki mtini baada ya upepo. Aliyepita hapo alikuwa na mlango mmoja tu wa chuo kikuu katika Afrika Mashariki nzima, nao ni Makerere, Uganda. Odhiambo alibisha mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukafunguka.

Baada ya Makerere hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliajiriwa katika idara ya kilimo huko huko Uganda, akafanya kazi katika vituo vya utafiti. Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia mimi. Kijana yule angeweza kukaa ofisini, avae tai, ahesabu magunia ya kahawa, na watu wangemwita mkubwa. Yeye alikuwa akichutama kando ya vichuguu. Mwaka wa 1958 alichapisha uchunguzi wake kuhusu mdudu mmoja mwindaji anayeishi katika vichuguu vya mchwa nchini Uganda. Mdudu huyo, naapa, ana vituko. Akiwa mchanga huwanyonya chungu na kisha hujibandika mizoga yao mgongoni, akatembea na rundo la maiti kama mtu aliyebeba mzigo wa mitumba kutoka Toi Market. Adui akimtazama haoni mdudu, anaona takataka.

Lakini kazi yake kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya kuainisha. Kuna jamii ya kunguni wadogo wanaofyonza majani na matunda ya mimea, na baadhi yao huharibu pamba na kakao. Ukiwatazama juu juu wote ni wamoja, kama vile mgeni anavyoona paa za mabati za Kibera zote ni moja. Odhiambo aliwakusanya, akawapanga, akalinganisha miguu, papasi, mabawa na hata sehemu zao za uzazi, akaandika makala moja baada ya nyingine kuhusu kunguni hao wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1962 makala yake ndefu kuhusu kundi lenye wadudu wa kakao ilichapishwa na jumba la makumbusho la mambo ya asili la Uingereza. Alipokuta asiyekuwa na jina katika vitabu, alimpa jina.

Ni vizuri nieleze kidogo hapa, maana mimi mwenyewe sikuwa nikijua. Mtu akigundua spishi mpya na kuieleza kwa utaratibu, jina lake huandikwa baada ya jina la kisayansi la mdudu huyo. Kwa hivyo ukifungua orodha za wadudu hao leo, utakuta baada ya maneno ya Kilatini pameandikwa Odhiambo. Fikiria, ndugu msomaji. Katika miaka ambayo Mwafrika alihitaji kibali kwa mambo mengi ya nchi yake mwenyewe, mmoja wao alikuwa akiwapa viumbe majina ambayo dunia nzima inalazimika kuyatumia hadi leo. Niliposoma hayo niliacha kitabu nikatembea kidogo uani.

Mwaka wa 1959 alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwalimu wake huko alikuwa Vincent Wigglesworth, ambaye wataalamu humhesabu miongoni mwa waasisi wa elimu ya jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo aligeukia nzige wa jangwani, hasa dume, akachunguza homoni zinazomkomaza na kumwezesha kuzaa. Huenda ukasema nzige dume atanisaidia nini. Waulize wazee wa Turkana, Samburu na Marsabit walioona nzige hao wakitua mwaka wa 2020, watakwambia. Alipokuwa huko ng'ambo, Kenya ilijipatia uhuru mwaka wa 1963. Mwaka wa 1965 alikamilisha shahada ya uzamifu, akafunga virago, akarudi nyumbani.

Angeweza kubaki, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na jina, alikuwa na mwalimu mashuhuri, na maabara za Cambridge si kama zetu ambapo ukitaka hadubini unapanga foleni. Alirudi kufundisha zuolojia katika chuo cha Nairobi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 1970. Alikuja kuwa profesa wa kwanza wa entomolojia, yaani elimu ya wadudu, na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Mwaka wa 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani linaloitwa Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba bara letu halitapiga hatua kwa kuazima majibu yaliyotafutwa kwingine. Linahitaji vituo vichache vilivyo bora kabisa, humu humu barani, ambamo Waafrika watafanya utafiti wa kiwango cha juu bega kwa bega na wataalamu wa dunia. Makala mengi huandikwa yakaishia kabatini. Hii ilizaa nyumba. Wanasayansi wa mataifa mbalimbali waliunga mkono wazo hilo, akiwemo mkemia wa Marekani Carl Djerassi, na mwaka wa 1970 kikaanzishwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho wengi wetu hukiita icipe. Odhiambo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza.

Kituo hicho kilianza kwa udogo tu, pale Chiromo. Nami nina sababu ya kupataja Chiromo. Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita upande wetu wa Dagoretti na Kawangware, kisha ukateremka hadi Chiromo. Kwa hivyo maji yanayopita nyuma ya nyumba zetu ndiyo yaliyokuwa yakipita karibu na profesa akiwa kazini. Naona fahari kidogo kwa hilo, ingawa tunayatuma yakiwa machafu.

Baadaye kituo kilijengewa makao huko Kasarani, mahali panapoitwa Duduville. Naam, mji wa dudu! Kikawa pia na kituo kikubwa Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Falsafa ya Odhiambo ilikuwa kwamba usikimbilie sumu. Mjue mdudu kwanza: anakula nini, anazaa wapi, anavutwa na harufu gani, adui wake ni nani. Ukishamjua, mara nyingi yeye mwenyewe atakuonyesha mlango wa kumshinda. Kwa mfano mbung'o. Kule Nguruman, katika nchi ya Wamaasai, watafiti wa kituo hicho walibuni mtego wa kitambaa cha rangi ya buluu na nyeusi, wakaweka harufu ya mkojo wa ng'ombe, na mbung'o wakaja wenyewe kama wageni wa arusi. Mtego huo wenyeji waliweza kujishonea. Au funza wanaotoboa mashina ya mahindi. Kuanzia miaka ya 1990, huko Mbita na mashamba ya jirani, watafiti walionyesha kwamba ukipanda desmodiamu katikati ya mahindi harufu yake humfukuza nondo, na ukizungushia nyasi za nepia kando ya shamba humvuta aende akatagie huko. Isitoshe, desmodiamu hiyo hukandamiza gugu la striga. Mkulima hakununua sumu hata kibaba.

Jambo jingine alilolishughulikia ni vijana. Mwaka wa 1983 kituo kilianzisha mpango wa kuwafundisha Waafrika shahada ya uzamifu katika sayansi ya wadudu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili. Hakutaka kuwa embe la pekee mtini. Mwaka wa 1985 alikuwa miongoni mwa walioasisi Chuo cha Sayansi cha Afrika, yaani jumuiya ya wanasayansi mashuhuri wa bara zima, akawa rais wake wa kwanza. Makao ya jumuiya hiyo yako hapa Nairobi. Mwaka wa 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika kwa uongozi wa kukomesha njaa, akaipokea pamoja na Abdou Diouf, aliyekuwa rais wa Senegal. Hebu fikiria: mtu wa wadudu na rais wa nchi katika jukwaa moja.

Odhiambo aliongoza kituo hadi mwaka wa 1994. Tarehe 26 Mei 2003 aliiaga dunia akiwa na umri wa miaka 72. Kituo cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina lake.

Sasa nirudi kwenye chupa yangu ya jemu, kwa maana kuna jambo lilinishangaza. Mwaka uleule wa 2003 alipofariki ndio mwaka ambao Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha pendekezo la njia mpya ya kutambua viumbe. Njia hiyo huitwa msimbopau wa DNA. Umewahi kuona ile mistari myeusi kwenye pakiti ya maziwa, inayosomwa na mashine dukani? Wazo ni hilo. Katika seli za kila mnyama mna DNA, na kuna kipande kimoja cha herufi zipatazo 650 ambacho karibu kila spishi ina cha kwake. Mtaalamu huchukua mguu mmoja tu wa usubi, hutoa DNA, hukinakili kipande hicho mara nyingi, husoma herufi zake, kisha hulinganisha na hazina kubwa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Zikilingana na za anayejulikana, jina limepatikana.

Faida yake kwa usubi ni kubwa. Buu jekundu la pipani na usubi dume mwenye papasi za manyoya kama ufagio havifanani hata kidogo. Jike naye ni tofauti. Zamani ilibidi mtu amfuge buu hadi akue ndipo aseme ni wa nani. DNA haibadiliki: ya mtoto ndiyo ya mzazi. Tena wako usubi na mbu wanaofanana sura kama mapacha ilhali ni spishi mbalimbali. Mbu wawili maarufu wa malaria hapa Kenya, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, hutawatenganisha kwa hadubini. Hutenganishwa kwa vipimo vya DNA, na tabia zao si sawa, mmoja akipenda zaidi damu ya watu na mwenziwe akitosheka pia na ya ng'ombe.

Nilipofika hapo nilidhani basi kazi ya akina Odhiambo ya kuhesabu nywele na kupima mabawa imepitwa na wakati. Madam akanikosoa. Hazina ya kompyuta ina majina kwa sababu kuna mtu aliyekaa na hadubini akamtambua mdudu kwa umbo lake kwanza, akampa jina, ndipo DNA yake ikawekwa chini ya jina hilo. Mashine ikisoma herufi za mdudu ambaye hakuna aliyemwainisha, itakupa herufi bila jina, kama barua isiyo na anwani. Na wadudu wa kwetu ambao bado hawajapewa jina ni wengi. Kwa hivyo njia hizi mbili ni kama macho mawili ya mtu mmoja.

Je, hii ni michezo ya wasomi tu? La hasha. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, watafiti wa KEMRI waliwakuta kule Marsabit mbu wasiowahi kuonekana Kenya. Waliwatilia shaka kwa maumbo yao, na uchunguzi wa DNA ukathibitisha kwamba ni Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia. Huyu si mbu wa vinamasi vya shambani pekee. Huyu anapenda mji. Anazaa katika matangi, mapipa na mitungi ya maji ya watu. Soma tena sentensi hiyo, halafu ufikirie Kawangware na Kibera, ambako kila mlango una pipa lake. Watu walimtambua mapema kwa sababu kulikuwa na macho yaliyofundishwa kutazama na maabara iliyoweza kusoma.

Na pipa la mama je? Jioni ile nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu, pamoja na lile la aibu kwamba kosa lilikuwa letu. Hakufurahi. Alinyamaza kwanza, halafu akainuka. Tukalimwaga pipa, tukalisugua kwa mchanga na sabuni hadi saa tatu usiku, tukaliwekea kifuniko cha mbao. Siku hizi maji ya kunywa ya wateja huchemshwa. Chupa ya jirani tulimrudishia kwa shukrani, na mama akamweleza kwa upole kwa nini hakuitumia. Mimi nilichora buu, kiluwiluwi na pipa lenye kifuniko kwenye karatasi kubwa, nikaandika maelezo kwa Kiswahili, nikaibandika ukutani pa kibanda. Watu husoma wakingoja chapati. Wengi wa wateja wamerudi. Yule wa mjengo hakurudi, na sina la kumlaumu.

Jina kamili la usubi wetu sijalipata hadi leo. Mabuu mawili Madam ameyahifadhi katika spiriti ndani ya kichupa, ameandika tarehe na mahali: Kawangware, pipa la maji. Anasema kielelezo bila tarehe na mahali ni takataka, na kwamba kikihifadhiwa vizuri siku moja mtu anaweza kukipima DNA yake. Mimi natamani mtu huyo awe mmoja wetu. Karibu na Kibera kuna bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953, na ambalo limewahi kufunikwa na gugumaji. Humo mna usubi wa kila namna. Odhiambo alianzia kwenye vichuguu vya Uganda. Sisi tuna bwawa zima, mito miwili na mapipa yasiyohesabika.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi naongeza kwamba amdharauye mdudu huenda akatia sumu katika chakula cha watoto wake. Kwa hivyo, ewe mwanafunzi mwenzangu, ukiona kitu kinajikunja katika maji yenu, usikimbilie kupiga ukelele wala kununua dawa. Kitie chupani, uandike tarehe na mahali, ukilete maabara. Mimi na Madam tutakuwepo siku ya Jumatano baada ya masomo, hadubini ikiwa nzima.

Kalamu yangu inaishiwa na wino. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu